Kufunga Uzazi kwa Mwanamume: Miezi Mitatu Isiyopaswa Kusahaulika

Kufunga uzazi kwa mwanamume, upasuaji uitwao pia vasektomi, ni miongoni mwa njia za uzazi wa mpango zenye uhakika mkubwa kabisa. Kwa kawaida upasuaji huo humalizika kabla ya nusu saa, hufanywa kwa ganzi ya mahali panapopasuliwa tu, na mteja hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wepesi huo huwafanya wengi waamini kwamba kazi imekwisha mara mtu anaposhuka kitandani. Sivyo. Mwanamume aliyefungwa uzazi leo bado anaweza kumpa mkewe mimba kesho, na hata wiki kadhaa baadaye.

Sababu yake imo katika maumbile. Mbegu za kiume hutengenezwa katika korodani, hukomaa katika mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya kila korodani, kisha husafiri kupitia mirija miwili mirefu inayopanda hadi karibu na tezi dume. Huko ndiko zinakochanganyika na majimaji ya tezi na kuwa shahawa. Mpasuaji hukata na kuziba mirija hiyo miwili katika sehemu iliyo ndani ya mfuko wa korodani. Mbegu zilizo chini ya kizuizi haziwezi tena kupita, na mwili huzifyonza taratibu. Lakini zile zilizokwisha kuvuka kabla ya upasuaji zimebaki juu, zikiwa hai. Mfano wake ni bomba la maji: ukifunga koki kwenye tangi, maji yaliyomo bombani hayana budi kutoka kwanza ndipo mfereji ukauke.

Je, mbegu hizo huisha baada ya muda gani? Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba wenzi watumie njia nyingine ya kuzuia mimba, kama vile kondomu au njia anayotumia mke, kwa muda wa miezi mitatu kamili tangu siku ya upasuaji. Zamani wateja wengi waliambiwa wahesabu mara 20 za kutoa shahawa. Kutoa shahawa ndiko kunakoondoa mbegu zilizobaki, lakini hesabu hiyo peke yake haitegemeki, kwa kuwa wanaume hutofautiana. Hivyo kalenda ndiyo iliyopewa uzito. Aliyepasuliwa tarehe 10 Januari asiache kinga kabla ya tarehe 10 Aprili. Kujizuia kujamiiana katika muda wote huo hakusaidii, maana mbegu hubaki zilipo.

Baada ya miezi mitatu, uthibitisho ulio bora ni kupima shahawa kwa hadubini. Macho matupu hayawezi kutambua lolote: mbegu ni sehemu ndogo sana ya shahawa, kwa hiyo wingi na rangi yake havibadiliki. Sampuli yote itolewe katika chombo safi kilichotolewa na maabara, bila mafuta wala kondomu ya kawaida, na ifikishwe mapema huku ikihifadhiwa katika joto la mwili. Zikionekana mbegu zinazotembea, kinga iendelee na kipimo kirudiwe. Zikiendelea kuonekana hata baada ya miezi sita, huenda upasuaji ukahitaji kurudiwa.

Tofauti kati ya kupima na kutopima si ndogo. Pale ambapo shahawa hazipimwi, wanawake 2 hadi 3 kati ya 100 hupata mimba katika mwaka wa kwanza baada ya waume zao kufungwa uzazi. Pale zinapopimwa, idadi hushuka na kuwa chini ya 1 kati ya 100. Mara chache sana, ncha za mirija huungana tena zenyewe hata baada ya kipimo kuwa safi.

Hapa ndipo linapokuja jambo zito kuliko takwimu. Mimba ikitungwa katika miezi hiyo mitatu, anayeulizwa maswali ni mke. Mume anasema, "Mimi nimefungwa, hii imetoka wapi?" Ndugu wanaitwa, na ndoa inayumba kwa tuhuma zisizo na msingi, ilhali jibu lilikuwa katika maelezo ambayo hayakutolewa vizuri au hayakusikilizwa. Mimba ya aina hiyo si ushahidi wa uzinzi. Hatua ya kwanza ni mume kurudi kituoni kupimwa, kabla ya neno lolote la lawama.

Kwa hiyo mhudumu wa afya asiridhike na sahihi ya mteja kwenye fomu. Mume akiridhia, maelezo yatolewe mbele ya wote wawili. Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi. Kondomu za kutosha zitolewe kabla mteja hajaondoka. Na mteja aombwe arudie kwa maneno yake mwenyewe aliyoyaelewa. Akumbushwe pia kwamba upasuaji huu haupunguzi nguvu za kiume, na haumkingi mtu na virusi vya UKIMWI wala magonjwa mengine ya zinaa, hata baada ya miezi mitatu kupita.