Hela za chama zilipotea, seva yangu ikanyamaza kimya

Jumapili hiyo nilifika Magongo nikidhani nimeitwa kula pilau. Kina mama wa chama walikuwa wamekaa duara kwenye viti vya plastiki, na sahani hata moja haikuonekana. Mwenyekiti akanionyesha kiti kilichokuwa katikati. "Mwanangu, kaa hapa." Nikajua mambo yameharibika.

Nitangulize kusema kwamba chuo sikumaliza. Karo ilikatika nikiwa mwaka wa pili wa IT, nikarudi nyumbani Mishomoroni na laptopu moja kuukuu na kichwa kilichojaa Java nusunusu (Java ya kompyuta, si ule mkahawa). Kazi ya kwanza niliyolipwa ilikuwa hiyo ya chama: kina mama 24, kila mmoja shilingi 500 kwa wiki, na kila wiki mmoja wao anabeba 12,000 za zamu. Walikuwa wakiandika kwenye daftari, nikawaundia ukurasa wa mtandao kwa Spring Boot. Unaingiza nambari ya simu na kiasi, simu inaleta ujumbe wa kuweka PIN, ukishalipa kampuni ya simu inatuma majibu kwa seva yangu, nami ninakuwekea tiki. Rahisi, ama nilidhani hivyo.

Sasa mama mmoja, muuza mahamri na mbaazi, rafiki wa mamangu tangu wakiishi Chaani, alikuwa na wiki tatu bila tiki. Zamu yake ilikuwa imefika na walikuwa wanataka kumruka. Hizo 12,000 alikuwa amezipangia sare na godoro la mtoto anayeingia kidato cha kwanza.

"Nimelipa," akasema. "Wallahi nimelipa wiki zote. Hebu fungua hiyo mashine yako uwaonyeshe."

Nikafungua. Macho 24 yananiangalia. Na mashine yangu haikuwa na chochote cha kuonyesha. Kwenye hifadhidata hakuna malipo, na kwingine kote hakuna hata mstari mmoja wa kueleza kama seva iliwahi kupokea kitu, ikakikataa, au haikuona kabisa. Mama mmoja wa pembeni akasema, si kwa sauti ya chini, "Si niliwaambia, huyu hata chuo hakumaliza."

Niwape sababu, kwa kuwa najua wengi wenu mnaojifunza wenyewe mna kosa hili hili kwenye msimbo wenu leo.

Nilipokuwa naandika, kila nilipotaka kujua kinachoendelea niliweka System.out.println. Kwenye laptopu inafanya kazi, unaona maneno yanashuka kwenye skrini nyeusi, unajiona mtaalamu. Nilipopeleka kwenye seva nikanakili amri ya kuwasha programu kutoka mahali fulani bila kuielewa, na mwisho wake ulikuwa na `> /dev/null`. Maana yake: kila neno programu inalosema, litupe. Ni kama kusimama kwenye feri ya Likoni ukitupa risiti zako baharini, kisha mwisho wa mwezi unazitafuta.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa lilikuwa hili:

```
try {
    wekaTiki(nambari, kiasi);
} catch (Exception e) {
}
```

Mabano matupu. Yaani nimeiambia Java: kukitokea balaa lolote, nyamaza. Nayo ilitii, wiki tatu mfululizo.

Siku ile kilichotuokoa ni karatasi. Mweka hazina alikuwa ameuamini mfumo wangu kiasi kwamba taarifa ya akaunti hakuwa ameichungulia tangu tuanze. Alipoichapisha kesho yake, zile 500 tatu zilikuwepo, kutoka nambari ambayo hakuna mwanachama anayeijua. Ilikuwa simu ya kijana wa yule mama. Yake iliingia maji, akawa anaomba ya mwanawe kulipia. Programu yangu ilimtafuta mwanachama kwa nambari ya simu, ikamkosa, ikapata null, ikaanguka, na ule mtego mtupu ukaficha maiti. Mama alipewa zamu yake. Aliniambia hana neno na mimi, lakini mahamri hakunifungia siku hiyo, na kwa anayemjua hiyo ni hukumu.

Basi nikaketi chini kujifunza logi. Neno lenyewe, kwa sisi watu wa bandari, si geni: mabaharia wa kale walitupa kipande cha gogo majini kupima mwendo wa meli, wakaandika hesabu kwenye daftari, na daftari likarithi jina la gogo. Nahodha anaandika hata siku ambayo hakuna kilichotokea. Mimi sikuwa nimeandika hata siku meli ilipozama.

Kwenye Java jambo hili lina majina mengi na ndiyo maana linachanganya. SLF4J ni mlango tu. Msimbo wako unaongea na huo. Nyuma ya mlango kuna mwandishi mwenyewe, ambaye anaweza kuwa Logback au Log4j 2. Log4j ya kwanza na Logback zimetoka kwa mtu mmoja, Ceki Gülcü, na hiyo ya kwanza ilistaafishwa 2015, kwa hivyo ukiikuta kwenye mradi wa mtu, mwambie. Ukitumia Spring Boot, Logback imo tayari, hupakui kitu. Unaandika hivi juu ya darasa lako:

```
private static final Logger log =
    LoggerFactory.getLogger(MalipoController.class);
```

Na pale penye mabano matupu:

```
log.error("Malipo {} hayakuingia", checkoutId, e);
```

Hiyo `e` ya mwisho usiisahau. Ndiyo inayoleta mlolongo mzima wa hitilafu, faili gani, mstari wa ngapi. Nimeona watu wakiandika "kuna kosa" halafu basi. Kosa gani, yakhe?

Viwango viko vitano vya kukariri: TRACE, DEBUG, INFO, WARN, ERROR. Mimi navitumia kwa akili ya kawaida. Mtu amelipa, hiyo ni INFO. Nambari isiyojulikana imelipa, WARN, kwa sababu hakuna kilichovunjika ila mtu anafaa kuangalia. Programu imeanguka, ERROR. DEBUG ni maneno ya jikoni, wageni wasiyasikie.

Hilo la mwisho nililijua kwa uchungu. Kwa hasira za Magongo niliwasha DEBUG kila mahali, hadi kila swali la hifadhidata likaandikwa, na badala ya `/dev/null` nikaelekeza maneno yote kwenye faili moja. Faili ya namna hiyo hakuna anayeikata. Inakua tu. Seva yangu ni ile ya bei ya chini kabisa, diski ndogo, na kabla mwezi haujaisha ilijaa mpaka hifadhidata yenyewe ikakosa pa kuandika. Mfumo ukalala Jumatano, siku ya michango. Wanaotumia Tomcat wanalijua jinamizi hili kwa jina la `catalina.out`.

Dawa yake ni mistari mitano ndani ya `application.properties`:

```
logging.file.name=/var/log/chama/chama.log
logging.level.root=INFO
logging.logback.rollingfilepolicy.max-file-size=10MB
logging.logback.rollingfilepolicy.max-history=30
logging.logback.rollingfilepolicy.total-size-cap=500MB
```

Usipoweka huo mstari wa kwanza, Spring Boot inaongea na skrini tu, haiandiki faili. Mengine yanasema: faili ikifika megabaiti 10 fungua mpya, weka za siku 30, na zote pamoja zisizidi 500. Hakikisha pia kwamba mtumiaji anayewasha programu ana ruhusa ya kuandika kwenye hiyo folda, la sivyo utakesha.

Lipo jambo moja ambalo mafunzo ya YouTube hayatakuambia, kwa sababu wanaoyatengeneza hawakulelewa na saa yetu. Seva nyingi za kukodisha huhesabu saa za UTC, nyuma yetu kwa saa 3. Mama akikwambia "nililipa saa mbili usiku", kichwa chako kinasema 20:00, na logi imeandika 17:00. Mara ya kwanza nilitafuta 02:00, nikaja 20:00, nikakaribia kumwita mtu mwongo. Sasa nawasha programu na `-Duser.timezone=Africa/Nairobi`, nimebaki na hesabu moja tu ya kufanya.

Mkishaanza kuandika, kishawishi ni kuandika kila kitu, na hapo ndipo ningependa tuwe na adabu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ipo tangu 2019, na nambari ya simu ya mtu ni data yake hata ikiwa ndani ya faili ambayo unadhani haisomwi na yeyote. Mimi naandika tarakimu tatu za mwisho na kitambulisho cha malipo, basi. Fikiria mambo makubwa zaidi ya chama: KenyaEMR, mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa katika vituo vingi vya afya nchini, umejengwa juu ya OpenMRS, ambayo ni programu ya Java yenye mizizi kwenye kazi iliyofanywa Eldoret kuanzia 2004. Mfumo kama huo, mwandishi wa msimbo akitupa jina la mgonjwa kwenye logi ovyo, siri ya kliniki inakaa kwenye faili ya maandishi ambayo fundi yeyote anaweza kuifungua.

Na mwandishi mwenyewe wa logi anaweza kuwa mlango wa mwizi. Desemba 2021 dunia nzima ya Java ilikosa usingizi kwa ajili ya Log4Shell. Log4j 2 ilikuwa na tabia ya kusoma alama maalum ndani ya maneno inayoyaandika na kuzitii, kwa hivyo mtu alichohitaji ni kuandika alama hizo mahali patakaponakiliwa kwenye logi, hata kwenye gumzo la Minecraft, na seva ikaenda yenyewe kuchukua msimbo wa mshambulizi. Ilipewa hatari ya 10 kwa 10. Viraka vilifuatana mwezi huo huo, 2.15, 2.16, 2.17. Waliokuwa na Logback kama ilivyo kwenye Spring Boot hawakuguswa na hilo, lakini wengi hawakujua hata wanatumia ipi. Wewe unajua?

Miezi kadhaa baadaye simu ikalia, mwenyekiti tena. Mama mwingine anasema amelipa, tiki haipo. Lini? Jumatano, saa mbili unusu usiku. Nilikuwa ndani ya matatu, ndio tunavuka daraja la Nyali, nikaingia kwenye seva kwa simu na kutafuta 20:30. Ikatoka hapo hapo: WARN, malipo hayakukamilika, majibu 1032. Hiyo ni nambari ya ombi lililofutwa na mwenye simu. Ujumbe wa PIN ulikuja, akaufunga.

Sikumwambia mwenyekiti hivyo. Nilimpigia mama mwenyewe nikamuuliza kama siku hiyo simu ilikuwa mikononi mwake. Akafikiria kidogo, akacheka: mjukuu alikuwa anachezea katuni. Akalipa tena jioni hiyo, tiki ikaingia, na hakuna aliyewekwa kwenye kiti cha katikati.

Jumapili iliyofuata niliitwa Magongo, safari hii pilau ilikuwepo. Yule wa mahamri akanifungia nane kwenye gazeti. Mwenyekiti naye akanivuta kando, akataka kujua kama hiyo logi inaweza pia kuandika ni nani kila wiki anachelewa mkutanoni.

Nikamwambia hiyo ni kazi nyingine, na ina bei yake.