Wadudu wa kahawia ghalani: tatizo ni kuvu wanayoila

Mvua zikishika, maswali kuhusu "vidudu vidogo vya kahawia" kwenye mahindi huwa mengi, na karibu kila anayeuliza anataka jina la dawa ya kunyunyizia. Kabla hujatoa hela, tandaza kiganja cha mahindi hayo kwenye karatasi nyeupe umtazame mdudu mwenyewe. Fukusi utamjua kwa mdomo wake mrefu uliochongoka. Dumuzi, yule ambaye watu wa Tabora walimwita Scania alipowavamia mwanzoni mwa miaka ya 1980, huacha unga mwingi kila alipotoboa. Huyu wa tatu ni mdogo kuliko wote, milimita 2 hivi, na kwa lenzi utaona kinundu kwenye kila pembe ya mbele ya kifua chake. Jina lake la kisayansi ni Ahasverus advena. Punje nzima na kavu haimfai kitu. Anachofuata ni kuvu.

Na huifuata kwa harufu. Kuvu inapoota hutoa ile harufu ya uyoga inayokupokea ukifungua stoo yenye unyevu. Moja ya kemikali zinazoibeba ni oktenoli, na majaribio yameonyesha kwamba inamvuta mdudu huyu.

Lakini unyevu umetoka wapi, ikiwa mahindi yaliingia ghalani makavu? Kila fukusi aliye ndani ya punje anapumua: anachoma wanga, anatoa joto na maji. Wakijaa maelfu mahali pamoja katikati ya kihenge, pale panapata joto. Hewa yenye joto hupanda na mvuke wake hadi kwenye punje za juu zilizopoa usiku chini ya bati, na mvuke ukigusa ubaridi hugeuka maji. Punje zinalowa bila tone la mvua kuingia! Kuvu inaota hapo, nayo inapumua, inaongeza joto na maji yake, na duara linazidi kupanuka. Katika joto la nyuzi 27 na unyevu wa hewa wa asilimia 75, yai la Ahasverus huwa mdudu kamili kwa wiki 3 hivi. Mahindi yakikauka sawasawa, kuvu husimama, naye huishiwa chakula.

Kwa hiyo anayempulizia sumu huua mdudu na kuiacha kuvu. Si kila kuvu hutengeneza sumukuvu, lakini Aspergillus flavus hutengeneza, na kwa macho huwezi kuipima sumu hiyo. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 vifo 20 vilitokea Dodoma na Manyara. Chanzo kilikuwa mahindi yenye sumu hiyo.

Bado nasikia eti mahindi yenye wadudu ni salama, kwa kuwa yangekuwa na sumu wadudu wangekufa. Mwili wa mdudu si mwili wa mtoto, na huyu kuwapo kwake ni dalili ya ukungu. Nasikia pia kwamba kuchemsha kunaondoa sumu. Sumukuvu huvumilia moto wa jikoni, na ugali ukiiva bado imo. Kuhusu chupa za mizizi za "kusafisha ini" zinazouzwa stendi, ini lenyewe ndilo huigeuza sumukuvu kuwa umbo linaloshambulia DNA, na hakuna chupa ya stendi inayozuia hilo. Anayemwambia mzazi anywe hiyo kisha aendelee kula mahindi yenye ukungu anauza ugonjwa.

Kausha juu ya turubai, usianike kwenye udongo. Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, utikise: chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga. Yaliyoota ukungu usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Vidonge vya kufukiza visiwekwe kamwe katika nyumba wanamolala watu. Gesi yake inaua. Na waliohamia nyumba mpya wakakuta vidudu vya aina hii kwenye plasta: haviumi wala havienezi ugonjwa, fungueni madirisha ukuta ukauke.