Bwana Msa na Wajibu wa Kuchunguza Habari

Vijana wetu wa hapa Chala wanapenda riwaya za upelelezi, na wazazi wengi tunaziona ni kupoteza wakati. Tuzipime kwanza kwa yaliyomo.

Mwaka 1960 ilichapishwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Maiti inakutwa kwenye mzimu, na watu wanatia hofu ya mizimu mbele. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni na tabia za pekee, haridhiki. Anauliza, anapima maneno, anasubiri, hata ikadhihirika kuwa ni mkono wa binadamu.

Kijana msomaji hukisia, hukosea, na hatimaye hutambua kwamba tuhuma si ushahidi. Huku kwetu Ufipa, mtu akifa ghafla, kidole huweza kumwelekea bibi kizee asiye na hatia. Hapo utambuzi huo huokoa roho, nao unaafikiana na amri ya Suratul Hujurat, aya ya 6, ya kuthibitisha habari tusije tukadhulumu watu.

Basi wazazi, tusome pamoja nao baada ya Isha. Kila wanapomshuku mtu riwayani, tuwaulize: umejuaje?