Ukimwona Mwanafunzi Kitandani Kwako, Uliza Nani Anamsimamia

Swali lilelile limerudi, na kila linaporudi linaulizwa vibaya vilevile: mgonjwa akilazwa hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha akamwona mwanafunzi wa uuguzi anamjia na trei ya sindano, amkatae? Wajawazito huliuliza kabla ya kwenda leba, wazazi huliuliza mtoto anapotundikiwa dripu, na wapo wanaokwenda hospitali binafsi kwa sababu hiyo moja tu, kwamba kule watu "hawajifunzii kwetu". Upande wa haki, jibu ni fupi. Mgonjwa anaweza kumkataa mwanafunzi, na huduma yake haipaswi kupungua kwa kuwa amekataa. Lakini ndani ya swali hilo imejificha imani kwamba hatari imo ndani ya mwanafunzi mwenyewe, na kwamba ukimwondoa yeye umeiondoa nayo. Imani hiyo ilikwishapimwa zamani, ikaonekana si kweli, na bado watu wazima wenye elimu zao wanaisambaza kana kwamba ni onyo la kitaalamu.

Ilipimwa kwa gharama kubwa mjini Vienna katika miaka ya 1840. Hospitali Kuu ya mji ule ilikuwa na kliniki mbili za uzazi, zikipokezana siku za kulaza wajawazito. Ya kwanza ilifundisha wanafunzi wa udaktari, ya pili ilifundisha wanafunzi wa ukunga. Mwaka 1846, kati ya kila wanawake 100 waliojifungulia kliniki ya kwanza walikufa zaidi ya 11, wengi wao kwa homa ya uzazi. Katika kliniki ya pili hawakufika watatu. Habari zilienea mjini, na wanawake waliopangiwa kliniki ya kwanza walipiga magoti wakiomba wasilazwe huko. Ikaundwa tume ya uchunguzi, nayo ikafikia uamuzi ambao waulizaji wa swali letu wangeufikia bila kusita: wanafunzi, hasa wale waliotoka nchi za nje, wana mikono mizito, wanawaumiza wanawake wanapowapima. Idadi ya wanafunzi ikapunguzwa nusu. Vifo vilishuka kwa muda mfupi, kisha vikapanda kupita vya awali, hata Aprili 1847 wakafa zaidi ya 18 katika kila 100. Na tume hiyo haikujiuliza jambo lililokuwa mbele ya macho yake: kliniki ya pili, ile iliyokuwa salama, nayo ilijaa watu wanaojifunza.

Aliyeigundua sababu ni Ignaz Semmelweis, daktari msaidizi wa kliniki ya kwanza. Rafiki yake Jakob Kolletschka, profesa, alikatwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana mno na ule wa wanawake wa leba. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wanatoka chumba cha maiti wakaingia moja kwa moja kuwapima wajawazito. Madaktari na maprofesa wao walifanya hivyohivyo, na Semmelweis mwenyewe alikuwa mmoja wao. Wanafunzi wa ukunga hawakupasua maiti. Kuanzia katikati ya Mei 1847 akaamuru kila aingiaye wodini, mkubwa kwa mdogo, anawe mikono kwa maji ya klorini. Juni ya mwaka uleule vifo vilishuka hadi takriban wawili katika kila 100. Wanafunzi hawakufukuzwa. Kilichobadilika ni utaratibu, pamoja na mtu wa kuusimamia. Mgonjwa wa leo anayemkataa msichana mwenye sare ya chuo, kisha akampokea kwa furaha muuguzi wa miaka mingi ambaye hakunawa mikono baada ya kumhudumia wa kitanda cha jirani, anarudia kosa la tume ile neno kwa neno.

Ushahidi wa siku zetu unaelekea kulekule. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchambuzi wa wazee waliolazwa hospitali za Marekani zaidi ya mara milioni 21. Katika hospitali kubwa zinazofundisha, waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa 8.3 kwa kila 100. Katika hospitali zisizofundisha kabisa walikuwa 9.5, na hapo tofauti za umri na magonjwa zilikwishazingatiwa. Sitaki mtu azitumie takwimu hizo kudai kwamba mwanafunzi huponya kwa uwepo wake. Hospitali inayofundisha huwa pia na mabingwa wengi na vifaa vingi, na Marekani si Tabora. Lakini kama kufundishia wodini kungekuwa hatari kwa kadiri inayosemwa vijiweni, hatari hiyo ingejitokeza katika hesabu kubwa kama ile, na haikujitokeza. Kilichojitokeza mara nyingi katika tafiti ni kitu kingine ambacho wagonjwa hawakiulizi, yaani muuguzi mmoja amebebeshwa wagonjwa wangapi. Linda Aiken na wenzake walifuatilia wagonjwa zaidi ya 420,000 wa upasuaji katika nchi tisa za Ulaya, wakachapisha matokeo mwaka 2014: kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 uliongezeka kwa asilimia 7. Kila sehemu ya wauguzi wenye shahada ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano huo ulipungua kwa asilimia 7. Idadi na elimu. Na muuguzi mwenye elimu hapatikani bila kupitia wodini akiwa bado hajui.

Hapa ndipo hatari ya kweli ilipo, nayo inastahili hasira ya wagonjwa kuliko sare ya mwanafunzi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2018 dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.9, na asilimia 89 ya upungufu huo ilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini. Wodi yenye upungufu hupata kishawishi kimoja kikubwa: kumgeuza anayejifunza kuwa mfanyakazi asiyelipwa. Zamu ya usiku ina muuguzi mmoja, wagonjwa wamejaa hadi wengine wanalala wawili kitanda kimoja, na kuna wanafunzi watatu wa mwaka wa kwanza. Muuguzi anaitwa leba, anawaachia trei ya dawa. Mwanafunzi aliyeachwa hivyo hajui kwamba chupa ndogo ya kloridi ya potasiamu, inayofanana na maji ya kuchanganyia dawa, ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa bila kuchanganywa kwenye dripu inaweza kuusimamisha moyo. Hajui kwamba wanaume wawili walio vitanda vya jirani wana jina moja la kwanza, na kwamba ndiyo maana alifundishwa kuhakiki mgonjwa, dawa, kipimo, njia na wakati kabla ya kusukuma chochote. Anapima presha, anapata 80 kwa 40, anaiandika vizuri kwenye fomu, anakwenda kitanda kinachofuata, kwa sababu hakuna aliye karibu wa kumwambia kwamba namba ile si ya kuandikwa kwenye faili tu, ni ya kumkimbiza kuita daktari. Mwanafunzi huyohuyo, saa ileile, akiwa na muuguzi mzoefu pembeni yake, ni jozi ya pili ya macho juu ya mgonjwa ambaye pengine asingetazamwa hadi asubuhi.

Vyuo navyo haviwezi kunawa mikono katika hili. Vimeongezeka, kila kimoja kinahitaji mahali pa kupeleka wanafunzi kwa mazoezi, na hospitali ya mkoa ni moja. Wanafunzi wanarundikana kitandani kumwona mama mmoja akijifungua, halafu daftari la mazoezi linataka saini kwamba kila mmoja amezalisha idadi iliyopangwa. Saini zinapatikana. Mkufunzi hajafika wodini wiki nzima, muuguzi wa zamu amechoka, kalamu inapita ukurasa mzima kwa mkupuo. Saini ya namna hiyo ni uongo wa hatari kuliko sindano yoyote iliyokosea mshipa, maana inampa mtu leseni ya kufanya peke yake jambo ambalo hajawahi kulifanya akiwa na mwenzake.

Kuna pingamizi zenye uzito, na nitazijibu. Ya kwanza ni kwamba anayeanza hukosea mshipa mara nyingi kuliko mzoefu, na maumivu ni ya mgonjwa. Ni kweli tupu. Ndiyo maana miongozo ya uwekaji kanula huweka ukomo wa majaribio, kwa kawaida mawili kwa mtu mmoja. Akishindwa, anampisha mwenye ujuzi zaidi. Ya pili inatoka Uingereza, ambako madaktari wapya huanza kazi Jumatano ya kwanza ya Agosti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliotumia kumbukumbu za kuanzia mwaka 2000 hadi 2008, ulikuta kwamba waliolazwa kwa dharura siku hiyo walikuwa na uwezekano wa kufa uliozidi kwa asilimia 6 ukilinganisha na waliolazwa Jumatano iliyotangulia. Wapo wanaoitoa takwimu hiyo kama hoja dhidi ya wanafunzi. Isomeni tena. Wale si wanafunzi. Ni watu waliokwisha kufuzu, wamekabidhiwa madaraka ghafla katika wodi wasizozizoea. Ukimnyima mtu mazoezi yanayosimamiwa leo, unaipeleka hatari mbele, hadi siku atakapokuja peke yake akiwa na cheti mkononi.

Ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi: wajifunzie kwenye masanamu. Waanzie huko, ndiyo, na hakuna anayepaswa kumchoma mtu sindano yake ya kwanza kabla ya kuichoma sanamu mara nyingi. Utafiti mkubwa wa vyuo vya uuguzi vya Marekani, uliotolewa mwaka 2014, ulionyesha kwamba hata nusu ya saa za wodini zinaweza kubadilishwa kwa mazoezi ya kuigiza bila ujuzi wa wahitimu kupungua, mradi wakufunzi wawe wameandaliwa na vifaa viwepo. Nusu, si zote. Na Tanzania inao ushahidi wake wenyewe, mzuri kuliko huo. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua yaliwafanya wahudumu wafanye vizuri zaidi mbele ya sanamu, lakini miezi kadhaa baadaye utendaji wao kwa watoto halisi haukubadilika. Baadaye mafunzo yakaletwa karibu na leba, mafupi, ya mara kwa mara, ndani ya kazi yenyewe, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka takriban 11 hadi 7 kwa kila 1,000 waliozaliwa. Ujuzi uliopatikana mbali na kitanda haukufika kitandani wenyewe. Ulibidi ufuatwe pale mgonjwa alipo.

Pingamizi ya mwisho ni ya haki: kwa nini maskini wa wodi ya kawaida wabebe mzigo wa kufundisha, na wenye pesa wavune wauguzi waliokwisha kuiva? Hapo nakubaliana na mlalamikaji, ila sikubaliani na dawa yake. Hospitali binafsi zinaajiri wauguzi ambao wengi wao waliiva kwenye wodi za umma. Basi nazo zifungue milango kwa wanafunzi, na wodi za kulipia za hospitali za umma zisifungiwe mafunzo. Kumfukuza mwanafunzi wodi ya kawaida hakumpunguzii maskini mzigo. Kunamwondolea tu muuguzi wa kesho. Tena inauma kuona mtu aliyemkataa mwanafunzi mwenye msimamizi hospitalini akienda kuchomwa sindano duka la dawa la mtaani, mahali ambapo haikupaswa kuchomwa kabisa, na mtu ambaye hakuna aliyewahi kumkagua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2000 pekee sindano zisizo salama ziliambukiza watu 260,000 VVU na milioni 21 homa ya ini aina ya B. Hatari ya sindano ilikuwa huko.

Basi ufanye nini? Akija mwenye sare ya chuo, muulize jina, mwaka wa masomo na nani anamsimamia. Msimamizi akiwa chumbani, mruhusu mwanafunzi; asipokuwepo, mwambie aende kumwita kwanza. Hakikisha amenawa, amekuuliza jina lako kamili, na amefungua sindano mpya mbele yako. Majaribio mawili yakishindikana, omba mwingine. Kumpima joto na presha, kumgeuza mgonjwa asiyejiweza ili asipate vidonda vya mgongo, kumlisha na kumwogesha, mwache afanye, ila muulize amepata namba gani na amempa nani taarifa. Kama hutaki aibu yako ionwe na wengi leba, sema wabaki wawili, na ikibidi sema asibaki yeyote. Malalamiko yapeleke kwa muuguzi kiongozi wa wodi siku hiyohiyo. Mwanafunzi hana uwezo wa kurekebisha chochote. Mzazi uliyempeleka mwanao chuo cha uuguzi, kabla ya kulipa ada uliza chuo kinapeleka wapi wanafunzi, wangapi kwa wodi moja, na mkufunzi huwatembelea lini. Na mwanafunzi uliyeachwa peke yako na chupa usiyoijua, iweke chini, toka, ita mtu, hata kama muuguzi wa zamu atakukaripia mbele ya wagonjwa wote.