Fahamu mdudu mtoboa buni na kwa nini anahofiwa na wakulima wa kahawa

Ni mdudu gani?
Ni mbawakawa mdogo mweusi, Hypothenemus hampei. Jike ana urefu usiofika milimita 2. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1867 kutokana na kahawa iliyoingizwa Ufaransa.

Yuko kundi gani?
Ni wa familia ya fukusi, Curculionidae, nusufamilia ya Scolytinae. Jamaa zake wengi hutoboa magamba ya miti, lakini yeye hula mbegu.

Anapatikana wapi?
Asili yake ni Afrika. Leo yuko karibu kila nchi inayolima kahawa, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Aligunduliwa Hawaii mwaka 2010. Hushamiri zaidi maeneo ya chini yenye joto.

Anashambulia mimea gani?
Hasa kahawa, Arabika na Robusta. Jike hutoboa tundu dogo kwenye kitovu cha tunda, akaingia hadi ndani ya buni na kutaga mayai. Viluwiluwi huitafuna buni kutoka ndani. Dume haruki, hupandana na dada zake humo humo.

Kwa nini ni tatizo?
Akishaingia ndani, dawa ya kupuliza haimfikii kirahisi. Buni hupungua uzito na ubora, na bei hushuka.

Mkulima afanye nini?
Chuma matunda yote yaliyoiva, okota yaliyodondoka, na usiache hata moja mtini baada ya msimu. Matunda hayo ndiyo maficho yake hadi msimu ujao.