Kifuniko cha Hewa: Upepo wa Bahari, Vilima na Dembo

Mtu wa Katanga akifika Mayumbe, karibu na bahari, wakati wa kipwa, atashangaa. Huku kwetu majani yamekauka yote. Kule msitu ungali na majani mabichi, nayo mvua hainyeshi. Sababu gani? Sikilizeni.

Maji ya bahari karibu na Moanda ni baridi, kwa kuwa mkondo wa Benguela unaleta maji baridi kutoka kusini. Hewa inayolala juu ya maji hayo inapoa, inakuwa nzito, inajaa unyevu. Juu yake kuna hewa nyingine, yenye joto na kavu. Hewa hii ni kama kifuniko cha chungu: ile ya chini haiwezi kupanda sana. Kwa hiyo mawingu yanakaa chini, tena ni membamba, na mvua kubwa hainyeshi.

Upepo unasukuma hewa hiyo hata vilima vya Mayumbe. Pale inalazimika kupanda. Ikipanda inapoa tena, na ukungu unagusa miti. Majani yanakamata matone, matone yanaanguka chini, na mawingu yanazuia jua lisichome udongo. Lakini mtu akimaliza miti ya kilima, ukungu unapita bure. Ndiyo faida moja ya kulinda msitu wa Luki, ulioandikwa na UNESCO mwaka 1976.

Huku Katanga upepo wa kipwa unatoka kusini-mashariki, nao ni mkavu. Usiku hakuna wingu, joto la udongo linatoroka. Hewa baridi ni nzito; inateremka kama maji hata ndani ya dembo, na hewa ya joto inabaki juu yake. Hiki nacho ni kifuniko. Tazameni moshi alfajiri: ukipanda kidogo, kisha ukilala kama mkeka, mjue kifuniko kipo.

Basi fanyeni hivi:

1. Mwezi wa 6 na wa 7 msiweke nyanya wala maharagwe chini kabisa ya dembo; baridi inaweza kuyaua kwa usiku mmoja. Pandeni juu kidogo, mtelemkoni.

2. Msizibe upande wa chini wa shamba kwa ua mzito. Hewa baridi itasimama hapo kama maji nyuma ya ukingo. Acheni njia ipite.

3. Msichome makala bondeni karibu na nyumba. Moshi hauondoki mpaka jua lipashe udongo, na watoto wanauvuta usiku kucha.