Gharama ya msanifu wa ndani ya nyumba: Fahamu hesabu ya ada kabla ya kukabidhi funguo

WENGI wanaohamia nyumba zao wenyewe baada ya miaka mingi ya kulipa kodi hukabiliwa na swali ambalo hawakulitarajia. Je, kuta tupu na sakafu ya saruji wazigeuze makao kwa juhudi zao, au kazi hiyo wampe msanifu wa ndani ya nyumba?

Swali la pili hufuata papo hapo: Atalipwa pesa ngapi?

Hili la pili ndilo huzaa majuto, kwa sababu mteja huuliza kiasi na kusahau kuuliza namna kiasi hicho kinavyohesabiwa. Wasanifu wawili wanaweza kutaja ada zinazokaribiana, lakini mmoja akamwachia mwenye nyumba deni na mwingine akamwokolea fedha. Tofauti huwa katika jambo moja: Ni nani anayenufaika bei ya kochi inapopanda?

Kwanza ni vyema kutofautisha watu watatu ambao huchanganywa. Mpambaji hushughulikia vitu vinavyohamishika: pazia, mazulia, makochi, taa za mezani, picha na rangi za ukuta. Msanifu wa ndani huenda mbali zaidi. Hupima vyumba, huchora mpangilio, huamua swichi na soketi za umeme zikae wapi, husanifu kabati za jikoni na dari, na huandika orodha ya vifaa vitakavyonunuliwa. Naye msanifu majengo ndiye huchora jengo lenyewe.

Kazi ya kubomoa ukuta haiingii katika mamlaka ya wawili wa kwanza. Ukuta unaweza kuwa ndio unaobeba orofa ya juu, hivyo huhitaji ushauri wa mhandisi na idhini ya serikali ya kaunti. Anayeahidi kuuondoa kwa siku moja bila kumhusisha yeyote anamtia mteja hatarini.

Nchini Kenya, cheo cha msanifu majengo na kile cha mkadiriaji majenzi vinalindwa na Sheria, Sura ya 525, na wanaovitumia husajiliwa na bodi iliyoundwa chini ya sheria hiyo. Kinga hiyo haikuwekewa kazi ya kupamba nyumba. Kwa hivyo wapo waliosomea usanifu wa ndani katika vyuo vikuu na vya kiufundi, na wapo waliojifunza kwa kutazama picha za simu. Mteja ndiye anayepaswa kudai kuona kazi zilizokamilika na kuzungumza na wenye nyumba hizo.

Njia tano za kutoza ada

Njia ya kwanza ni malipo ya ushauri. Msanifu huja mara moja, hukagua nyumba, hutoa maoni na kuondoka. Hii ndiyo njia nafuu zaidi, nayo humfaa mwenye mafundi wake ambaye anahitaji mwelekeo tu.

Ya pili ni malipo kwa saa. Akitoza Sh3,000 kwa saa na kazi ichukue saa 40, ankara itakuwa Sh120,000. Hatari yake ni kuwa mteja asiyejua anachotaka atalipia kila badiliko la moyo wake. Anayeichagua hana budi kuweka kikomo cha saa, na kudai aelezwe saa hizo zimetumika vipi.

Ya tatu ni kutoza kwa kila mita mraba. Nyumba ya mita mraba 90 ikitozwa Sh1,500 kwa mita itagharimu Sh135,000. Hapa ni lazima kuuliza iwapo roshani, stoo na vyoo vimehesabiwa, kwani vyoo huhitaji michoro mingi ilhali stoo huenda isihitaji hata mmoja.

Ya nne ni asilimia ya gharama yote ya kazi. Ikiwa ada ni asilimia 10 na kazi igharimu Sh1,000,000, msanifu atapata Sh100,000. Lakini kazi ikipanda hadi Sh1,300,000, ada nayo hupanda hadi Sh130,000. Si kusema kwamba kila anayetoza hivi ni mlafi, ila mpango wenyewe haumpi sababu ya kutafuta vigae vya bei nafuu. Dawa yake ni kukubaliana kwamba asilimia hiyo itahesabiwa kwa bajeti iliyoidhinishwa mwanzoni, wala si kwa matumizi ya mwisho.

Ya tano, ambayo huwaponyoka wengi, ni faida ya bidhaa. Msanifu husema kuwa michoro ni ya bure. Kisha hununua makochi, taa na pazia kwa bei ya jumla au kwa punguzo wanalopewa wateja wa kila mara, na kumuuzia mwenye nyumba kwa bei ya juu. Kochi ambalo fundi amelitoa kwa Sh68,000 linaweza kuandikwa Sh80,000, au hata Sh95,000. Hakuna ubaya katika faida iliyotajwa waziwazi. Ubaya ni pale anapolipwa ada kamili na mteja, na wakati uo huo kupokea kitu kidogo kutoka kwa mwenye duka bila kumwarifu anayelipa.

Viwango vilivyotajwa hapa ni vya mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Ada halisi hutegemea ukubwa wa nyumba, ujuzi wa msanifu, umbali na wingi wa michoro. Ndiyo maana yafaa kuomba makadirio ya watu watatu kwa kazi ile ile iliyoandikwa. Bei ya kazi mbili tofauti haiwezi kulinganishwa.

Milioni moja hainunui vitu vya milioni moja

Chukua mfano wa familia iliyonunua fleti ya vyumba vitatu mjini Kitengela na kuweka akiba ya Sh1,000,000 za kuipamba. Inakubaliana na msanifu kwa ada ya asilimia 10. Familia hiyo ikinunua vifaa na kulipa mafundi kwa Sh1,000,000 zote, ada itakuwa Sh100,000 juu yake. Ikiwa msanifu amesajiliwa kutoza VAT, kodi ya asilimia 16 ya ada hiyo itaongeza Sh16,000. Aidha, busara hudai asilimia 10 ya gharama ya kazi itengwe kwa dharura, yaani Sh100,000 nyingine, kwa sababu bomba bovu hugunduliwa baada ya kigae kung'olewa.

Jumla ni Sh1,216,000. Familia imepungukiwa na Sh216,000 kabla ya kulipia hata gari la kubebea makochi.

Hesabu sahihi ni kuanzia mwisho. Akiba ikiwa Sh1,000,000 na kila kitu kitoke humo, basi vifaa na mafundi vitengewe takriban Sh822,000. Zilizobaki ni za ada, kodi na dharura. Familia iliyofanya hesabu hii mapema huamua ni chumba gani kisubiri. Isiyoifanya huamuliwa na fedha zinapokwisha, aghalabu jikoni kukiwa na kabati zisizo na milango.

Zipo gharama nyingine zinazojificha: usafiri wa mizigo, kuipandisha orofani, kuondoa takataka za ujenzi, ziara za ziada za msanifu na mabadiliko ya michoro. Yafaa mkataba utaje idadi ya marekebisho yasiyolipiwa.

Ni wapi ada hujilipa

Baada ya hesabu hizo, baadhi huona afadhali wamwendee fundi moja kwa moja. Kwa kazi ya chumba kimoja huenda wakawa sahihi. Makochi hutengenezwa kando ya barabara ya Ngong jijini Nairobi, maseremala wamejaa Gikomba, mafundi wa vyuma wako Kamukunji, na maduka ya pazia ni tele Eastleigh. Mwenye subira, futi ya kupimia na macho makini anaweza kujitosheleza.

Ada hujilipa mahali ambapo kosa ni ghali kulisahihisha. Kusogeza soketi kwenye mchoro ni suala la kufuta mstari, lakini kuisogeza ukuta ukishapigwa plasta na kupakwa rangi ni kubomoa, kuunganisha nyaya upya, kupiga plasta na kupaka rangi tena. Kochi lisilopita kwenye ngazi halirudishwi kwa fundi bila hasara. Kabati ya mbao za MDF iliyowekwa chini ya sinki inayovuja huvimba na kuoza. Katika miji ya pwani kama Mombasa, hewa ya chumvi hula bawaba na vyuma ambavyo vingedumu kwa muda mrefu zaidi bara.

Kutokana na hayo, anayekusudia kumwajiri msanifu heri amwite kabla ya nyaya na mabomba kufichwa ukutani. Anayeitwa baada ya vigae kuwekwa hubaki kuchagua rangi ya pazia, ilhali huenda akatoza karibu ada ile ile.

Ipo pia njia ya katikati kwa wenye kipato cha wastani. Msanifu hulipwa ada moja ya kupima, kuchora na kuandika orodha ya vifaa pamoja na vipimo vyake. Kisha mwenye nyumba hununua mwenyewe na kusimamia mafundi, chumba kimoja baada ya kingine, kadiri fedha zinavyopatikana. Jambo la kuafikiana mapema ni kwamba michoro hiyo itabaki mikononi mwa mteja.

Maandishi na malipo kwa awamu

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Makubaliano ya mdomo, au jumbe chache za simu, hayatoshi. Mkataba hauhitaji kuwa mrefu, bali utaje vyumba vinavyohusika, michoro itakayotolewa, namna ada inavyohesabiwa, nani atanunua bidhaa, siku ya kukamilisha, na kwamba punguzo lolote la madukani litawekwa wazi pamoja na risiti.

Malipo nayo yafuate kazi. Mfano mmoja ni asilimia 30 wakati wa kutia sahihi, 40 michoro inapokubaliwa na 30 kazi inapokamilika na kukaguliwa. Fedha za kununulia bidhaa zisichanganywe na ada. Zikiwezekana, zitumwe moja kwa moja kwa muuzaji, ili msanifu akitoweka asitoweke na jikoni lote.

Mzozo ukizuka, mteja ana pa kukimbilia. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka wa 2016 ilianzisha mahakama ambayo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo yale ya mikataba ya bidhaa na huduma. Mahakama hizo zilianza kazi mwaka wa 2021. Mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Lakini hata huko, jambo la kwanza atakaloulizwa ni mkataba na risiti.

Kuuliza si ujinga. Kabla ya kutia sahihi na kukabidhi funguo, mwenye nyumba amuulize msanifu ana kwa ana: "Nikichagua kochi la bei ya juu zaidi, wewe utapata nini?" Msanifu mwaminifu atalijibu kwa tarakimu.